Mkono Mdogo, Mkanda Mdogo: Muuguzi Anayeitafuta Presha kwa Watoto

Saa mbili kasorobo asubuhi. Dirisha la kadi bado halijafunguliwa, lakini mlangoni pa chumba namba nne cha hospitali, mwanamke wa makamo amepiga magoti sakafuni, mbele ya mtoto wa miaka minne aliyejificha nyuma ya gauni la mama yake.

Amevaa sare ya muuguzi iliyofuliwa mpaka ikapauka. Hamwiti mtoto wala hamvuti mkono. Amejifunga mkanda wa presha kwenye mkono wake mwenyewe, na kiganjani ameshika pampu ya mpira yenye ukubwa wa limau.

"Jamani, nina shida," analalamika, macho yake yakiwa sakafuni. "Natafuta mtu mwenye nguvu anibinyie kidude hiki. Hapa naona watu wazima watupu, na watu wazima hawana nguvu."

Jicho moja linachungulia.

"Mimi ninazo."

"Wewe? Hebu nione huo msuli."

Mtoto anatoka mafichoni. Anaibinya pampu kwa mikono miwili, ulimi nje, mkanda unafura, na muuguzi anakunja uso kama mtu aliyebanwa na mlango. Mtoto anacheka mpaka anakaa chini.

Dakika tano baadaye, mtoto huyohuyo ametulia kwenye kiti chenye mgongo. Nyayo zake zimekanyaga kigoda, mkono wake umelala juu ya mto, na mkanda mdogo unamkaza taratibu. Halii. Anahesabu.

"Moja, mbili, nne, tisa…"

"Usimsahau tatu, ananung'unika," muuguzi anamnong'oneza, huku masikio yake yakiwa kwenye kisikilizio. Anaandika namba mbili kwenye kadi. Kazi imekwisha. Hakuna sindano iliyochomwa wala tone la damu lililotoka.

Wenzake humwita sista. Watoto humwita Shangazi Mkanda, na ukimuulizia kwa jina lolote jingine katika hospitali hii, utazungushwa mpaka uchoke.

Ana umri wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka ishirini na tisa amekuwa muuguzi. Miaka kumi ya mwisho ameitumia kwa kazi ambayo watu wengi hawajui kuwa ipo: kuwatafuta watoto wenye shinikizo la juu la damu kabla halijawaumiza.

"Nikiwaambia watu kwamba mtoto anaweza kuwa na presha, wanacheka," anasema. "Wananiuliza, 'Mtoto ana mawazo gani? Analipa kodi ya nyumba?' Na mimi nacheka nao. Kisha nawaambia, lete mkono wa mwanao."

Chumba chake kilikuwa stoo ya mafagio na ndoo. Kina dirisha moja, kiti kimoja chenye mgongo, kitanda chembamba na kigoda alichokiomba kwa fundi seremala wa hospitali. Watoto wengi miguu yao haifiki chini, na miguu inayoning'inia, anaeleza, inaweza kuipandisha namba na kumpotosha mpimaji.

Ukutani kuna mbao iliyochorwa vipimo vya urefu. Kando yake kuna jedwali lililofunikwa kwa nailoni, limejaa safu za namba ndogondogo.

"Kwa mtu mzima, namba ni ileile kwa wote," anasema huku akipitisha kidole kwenye jedwali. "Kwa mtoto lazima nijue ana miaka mingapi, ana urefu gani, ni wa kike au wa kiume. Namba iliyo sawa kwa kaka mtu inaweza kuwa hatari kwa mdogo mtu."

Lakini kitu anachokilinda kuliko vyote ni mikanda. Anayo minne, kuanzia ule wa kichanga mpaka ule wa kijana mnene. Wa kwanza aliununua mwenyewe, kwa robo ya mshahara wake wa mwezi, baada ya kuomba kwa barua mara tatu bila kujibiwa.

"Ukimfunga mtoto mkanda mkubwa, unadanganywa kwamba yuko salama. Ukimfunga ulio mdogo mno, unadanganywa kwamba anaumwa," anasema. "Mkono mdogo, mkanda mdogo. Ningeweza kuichora kwenye paji la uso, ningeichora."

Ukimuuliza alianzaje, kwanza anapanga mikanda yake upya, ingawa ilikuwa imepangika.

Mama yake alifariki mapema, na yeye kama mtoto wa kwanza akamchukua kitindamimba wao, akamlea. Wakati huo yeye alikuwa na miaka ishirini na mitano, mwaka wa pili kazini. Mdogo wake alikuwa na miaka kumi. Walilala chumba kimoja, kitanda kimoja.

Mtoto alianza kulalamika kichwa. Kinauma asubuhi, kinapoa, kinauma tena. Shuleni akawa haoni ubaoni, mwalimu akamhamishia dawati la mbele. Nyumbani akaambiwa apunguze michezo ya jua. Zahanati wakampima joto, wakampima damu, wakampa dawa za maumivu.

Siku moja ya Jumamosi, akiwa anaanika nguo, alianguka akapiga degedege. Majirani walisema ni kifafa. Hospitali wakamfunga mkanda kwa mara ya kwanza maishani mwake, na namba ya juu ikasoma mia moja na tisini.

"Figo zake zilikuwa zimeumia tangu akiwa mdogo, kwa maambukizi ya njia ya mkojo yaliyokuwa yakirudi kila mara. Figo zikiumia, presha hupanda," anasema. Kisha anashusha sauti. "Mimi nilikuwa napima presha za watu arobaini kwa siku. Watu arobaini! Narudi nyumbani, nalala kitanda kimoja na mgonjwa mwenyewe, na sijawahi kuushika mkono wake."

Mdogo wake alipona, lakini jicho la kushoto halikurudi sawasawa. Leo ana miaka thelathini na saba, anakunywa vidonge kila siku na ni fundi cherehani. Ndiye anayeishona mifuko ya kitambaa inayofunika mikanda ya dada yake, yenye maua, samaki na magari, ili watoto wasiione kama kamba ya kufungia.

"Dada anajilaumu bure," fundi huyo anasema, akizungumza kutoka kwenye cherehani yake, nyumba ya tatu kutoka kwa dada yake. "Nami kila siku namwambia, angekuwa mtu mwingine aliyenilea, nisingekuwa hai. Ila hasikii. Masikio yake yanasikia mapigo tu."

Waswahili husema mficha maradhi kilio humfichua. Shangazi Mkanda ana nyongeza yake: maradhi haya hayafichwi na mtu, yanajificha yenyewe. Watoto wengi wenye presha hawahisi chochote. Wengine huhisi kichwa, hutokwa damu puani au huchoka upesi, mambo ambayo mzazi yeyote ana majina yake mengine.

Jina walilompa msichana mmoja shuleni kwake lilikuwa Kobe.

Alikuwa na miaka tisa alipofika hospitalini mwaka jana, akiletwa na bibi yake kwa sababu ya kikohozi. Kila mtoto anayefika hupitia chumba namba nne kwanza, lakini asubuhi ile mambo yalikuwa yameharibika. Mkanda wa watoto wa umri ule ulikuwa umepasuka mpira wake wa ndani, na foleni ilikuwa imefika getini.

Muuguzi alimfunga ule wa watu wazima. Ulimzunguka mkono karibu mara mbili. Namba ikasoma mia moja na kumi na nane.

"Nikaitazama ile namba, nayo ikanitazama," anakumbuka. "Kwa mtoto wa umri wake na urefu wake, hiyo tayari ni juu. Na ilitoka kwenye mkanda mkubwa, mkanda unaopunguza. Sasa ya kweli ni ngapi?"

Msimamizi wa zamu alichungulia mlangoni.

"Sista, andika tuendelee. Watu wanalalamika huku nje."

"Siwezi kuandika namba nisiyoiamini."

"Kwani amekuja kwa presha? Amekuja kwa kikohozi."

"Basi kikohozi chake kinisubiri kidogo."

Alivuka uwanja wa hospitali kwa miguu mpaka wodi ya watoto, akaazima mkanda, akarudi jasho likimtoka. Watu kwenye foleni walimsindikiza kwa maneno ambayo anasema hayaandikiki gazetini.

Alimketisha msichana, akamwacha apumzike dakika tano kwa saa ya ukutani, kisha akapima. Mia moja na arobaini na nane. Akasubiri, akapima tena. Mia moja na arobaini na sita. Mkono wa pili, vilevile.

"Mjukuu wangu ana nini?" bibi aliuliza.

"Bado sijajua, mama. Hebu niambie, akicheza na wenzake yukoje?"

Bibi alicheka kidogo. "Huyu? Huyu ni mvivu wa miguu. Akikimbia hatua ishirini anakaa chini, anasema miguu inauma. Wenzake wanamwita Kobe. Mimi nilidhani ni deko tu."

Msichana aliinamisha kichwa. Muuguzi anasema hapo ndipo alipoacha kuwaza mkono, akaanza kuwaza miguu. Akamwomba mtoto avue viatu, akazishika nyayo zake. Nje kulikuwa na joto la kukaushia nguo kwa saa moja, lakini nyayo zile zilikuwa baridi.

Akatafuta mapigo kwenye mgongo wa mguu kwa vidole vitatu. Hakuyapata. Akahama mguu wa pili. Yalikuwepo kwa mbali sana, kama mtu anayebisha hodi huku akiogopa kufunguliwa.

Kwa ruhusa ya bibi, alivuta pazia, akamlaza msichana kitandani, akampima presha ya mkono akiwa amelala, kisha akamfunga mkanda mguuni. Kwa kawaida presha ya mguu huwa sawa na ya mkono au huizidi kidogo. Ya msichana huyu ilisoma tisini na mbili.

Alikimbia na kadi mpaka kwa daktari wa zamu, mwanamke kijana aliyekuwa na miezi mitano tu tangu aanze kazi. Daktari aliisoma, akatikisa kichwa.

"Sista, watoto wakiona sare zetu wanaogopa. Hofu inapandisha presha, unajua hilo kuliko mimi."

"Najua, daktari. Lakini hofu haichagui. Ingepandisha mkono na mguu pamoja."

Daktari aliisoma kadi tena. Kisha akainuka, akaenda naye. Aliweka vidole vya mkono mmoja kwenye kinena cha mtoto na vya mwingine kwenye kifundo cha mkono wake, akafumba macho. Bibi alikuwa amejishika kifuani.

"Yanachelewa," daktari alisema hatimaye. "Mapigo ya chini ni dhaifu, na yanachelewa."

Bibi hakuwa ameelewa neno hata moja, ila alikuwa ameziona nyuso zao. "Mnataka kumtoa damu? Huyu hana damu ya kutosha, wanangu."

Shangazi Mkanda aliketi karibu naye kitandani. "Hata tone moja, mama. Atapigwa picha ya moyo. Wanampaka mafuta ya baridi kifuani, wanapitisha kidude, moyo unaonekana kwenye kioo ukicheza. Nawe utauona."

"Moyo wake nitauona mimi?"

"Kwa macho yako."

Picha ilionyesha kile walichokishuku. Mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo ulikuwa umebana mahali pamoja, tangu kuzaliwa. Daktari alimweleza bibi kwa mfano wa mpira wa kumwagilia maji uliokanyagwa: nyuma ya kisigino maji yanasukuma mpaka mpira unafura, mbele yanachuruzika. Mikono na kichwa vya msichana vilikuwa nyuma ya kisigino. Miguu ilikuwa mbele.

"Kwa hiyo si mvivu," bibi alisema.

"Hajawahi kuwa mvivu, mama," muuguzi alimjibu. "Alikuwa anakimbia akiwa amekanyagwa."

Bibi alimvuta mjukuu wake, akamlaza mapajani ingawa miguu ya mtoto ilikuwa inaburuzika sakafuni, akawa anamwambia nisamehe, nisamehe. Msichana, kwa maelezo ya Shangazi Mkanda, alichouliza ni kama kuanzia siku ile angeruhusiwa kukaa wakati wa mazoezi bila kuchapwa maneno.

Wiki tano baadaye alipelekwa hospitali kubwa. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja, wakautanua mshipa kwa puto dogo na kuuwekea kijibomba cha wavu cha kuushikilia usibane tena. Siku ile Shangazi Mkanda alikuwa kazini kama kawaida. Alipima watoto thelathini na mmoja, na anakiri hakumbuki uso wa hata mmoja.

Simu ya bibi ilikuja saa tisa alasiri. Hakusalimia. "Miguu yake ina joto!" alipiga kelele. "Sista, nimezishika nyayo, zina joto kama mkate!"

Si kila mtoto mwenye namba ya juu ana ugonjwa mkubwa, na muuguzi huyu hapendi kuwatisha wazazi. Daftari lake la mwaka jana linaonyesha watoto 3,160. Kati yao, tisini na saba walisoma juu mara ya kwanza. Baada ya kupimwa siku tatu tofauti, walibaki ishirini na wawili.

Wachache hupewa kifaa cha kuvaa nyumbani mchana na usiku, kinachojipima chenyewe kila baada ya muda. Hospitali ina kimoja tu, nacho kina orodha ya wanaosubiri. Kijana mmoja wa miaka kumi na mitatu alikivaa mpaka darasani, kikanguruma katikati ya somo, mwalimu akamtaka atoe simu aliyoificha. Baba yake, dereva wa lori, ilibidi aende shuleni kumwombea msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda. Namba zilipotoka, kijana alikuwa mzima kabisa. Presha yake ilikuwa inapanda hospitalini tu.

"Baba mtu alinishukuru kana kwamba nimemponya mwanawe," anasema akicheka. "Sikumponya. Nilimwondolea vidonge ambavyo hakuvihitaji. Na hiyo ni tiba."

Watoto nao wamemlipa kwa namna yao. Miaka mitatu iliyopita, binti wa miaka saba aliyejifunza kusoma namba alimbinyia pampu kwa bidii, akatazama kioo cha mashine ya betri, inayoonyesha namba yenyewe, akatangaza kwa chumba kizima: "Shangazi, wewe una mia moja sitini na mbili! Hiyo ni kubwa?"

Ilikuwa kubwa. Tangu hapo naye ni mgonjwa wa presha mwenye kadi yake, na binti yule kila akija humwuliza kama amemeza dawa.

Mume wake, fundi wa redio aliyestaafu, anasema nyumbani chumvi imekuwa bidhaa ya magendo. "Naificha nyuma ya vitabu," anasema, mkewe akiwa amesimama palepale. "Anaipata. Huyu mtu akizoea kutafuta kitu kilichojificha, hakuna cha kumzuia."

Msichana aliyeitwa Kobe sasa ana miaka kumi. Anarudi kliniki kila baada ya miezi mitatu, na bado anakunywa kidonge kimoja asubuhi. Wiki iliyopita alifika akiwa amechubuka goti. Bibi alikuja nyuma yake dakika nzima baadaye, akihema.

"Zamani nilikuwa namsubiri yeye," bibi alisema huku akijiegemeza mlangoni. "Siku hizi nalia namna nyingine. Hakamatiki!"

Shangazi Mkanda alimpima mkono, kisha mguu. Alizungusha kalamu kwenye namba zote mbili, akaandika neno moja pembeni: sawa. Msichana alitaka kujua kama anaweza kuingia kwenye mbio za kupokezana za shule. Muuguzi alimwambia hilo ni swali la daktari. Daktari, yuleyule kijana, aliisoma kadi, akasema akimbie, ila asishindane kubeba vitu vizito.

Imebaki miaka minane muuguzi huyu astaafu, na hataki kuimaliza ndani ya chumba namba nne akisubiri watoto wapate kikohozi ndipo waletwe. Mwezi uliopita uongozi wa hospitali ulikubali ombi lake la kutoka kila Alhamisi kwenda kwenye shule na vituo vya chekechea vya jirani. Amepewa mashine ya pili na muuguzi mmoja wa kumsaidia. Kituo cha kwanza kina watoto sitini na wanane, na mwalimu mkuu ameshatenga chumba tulivu, chenye viti vifupi.

Alipoulizwa kama anatarajia kumpata mwingine kama msichana yule, alianza kukunja mkanda mdogo kuliko yote.

"Namuomba Mungu nisimpate," alisema. "Lakini kama yupo, yule nilimchelewa, nilimpata ana miaka tisa na jina la kobe. Huyu nataka nimpate ana mitatu, kabla hajaitwa kitu."